Alama ya Penseli

Kwa miaka ishirini na tatu Meja Jenerali Shawki Derbala hakusoma karatasi hata moja iliyowekwa mezani kwake. Si kwamba hakujua kusoma. Alikuwa mvivu, na juu ya uvivu alikuwa na maringo. Hakutaka mtu amwone na miwani. Kusoma ilikuwa kazi ya naibu wake, Brigedia Rifaat Abu Gabal. Rifaat alisoma, akachuja, akaandika majibu, kisha pale pa kutia saini akaweka alama ndogo ya penseli, vema kama ya mwalimu wa shule. Mkubwa akiiona alama, husaini. Asipoiona, karatasi huisukumia droo, hata ikiwa imetoka kwa waziri.

Walianza pamoja kituo kidogo cha kando ya mfereji, wakapanda pamoja, hadi Derbala akawa Mkurugenzi wa Usalama wa mkoa mzima wa Kom Tarfa, na Rifaat akakaa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi katikati. Watu wa huku Saidi, kusini mwa Misri, ambao ulimi wao hauna mfupa, walisema Derbala ni mdomo na Rifaat ndiye ulimi. Hotuba za Derbala aliziandika Rifaat. Zawadi za harusi za binti zake Derbala alizichagua Rifaat. Mke wa Rifaat, wa kwanza na wa mwisho, alifunga virago mwaka wa nne akisema kwamba yeye hawezi uke wenza na Meja Jenerali. Rifaat alicheka, akarudi kazini.

Basi ilifika barua kutoka Kairo. Derbala anastaafu upolisi mwisho wa mwezi, na baada ya hapo atakuwa gavana wa mkoa mmoja wa pwani, kule kwenye upepo mzuri na samaki. Zilibaki siku tisa. Derbala aliishika barua kama mtu aliyeshika mtoto wa kiume.

"Tunakwenda, Rifaat," alisema. "Unaibu gavana siwezi kukuahidi, hilo wanateua wao. Lakini meza nitakutafutia. Utakosa kweli pa kuweka kikombe chako cha chai?"

"Mungu akuzidishie, Pasha."

"Hebu toa yaliyomo kwenye droo hizi, uchome. Kama kawaida."

Kawaida yenyewe ilikuwa hivi: karatasi zote za dunia Rifaat alizisoma, isipokuwa zile za droo ya Derbala. Hizo, droo ilipofurika, alizichota za juu akazichoma bila kuzifungua; safari hii alitakiwa kumaliza hadi chini. Hakuna aliyemwapisha, aliamua mwenyewe, akaona fahari juu yake. Alizibeba kwenye sanduku la kadibodi hadi uani, kwenye pipa la chuma, akaanza kuzitupa motoni moja moja. Ya kumi au ya kumi na mbili ilikuwa imekunjwa mara nne, na ilipoangukia ukingoni mwa pipa ikafunguka.

Rifaat aliuona mwandiko kabla ya kuona neno lolote. Wino ulikuwa umeburuzwa, herufi zimepakwa na kiganja kilichopita juu yake. Hivyo ndivyo alivyoandika Nagi, mdogo wake, asiyejua kungoja wino ukauke. Rifaat alipokuwa chuo cha polisi, barua zote za mama yake zilimjia kwa mkono ule, zimechafuka hivyo hivyo. Na Nagi alikuwa kaburini mwaka wa kumi na sita sasa.

Aliinyakua, akaungua vidole viwili, akaisoma amesimama.

"Mimi Nagi Abu Gabal, mwalimu wa shule ya msingi ya Nagaa Sidra, naeleza niliyoyaona kwa macho yangu mwenyewe." Alichokiona kilikuwa kifo cha mkulima mmoja ndani ya kituo cha polisi, na aliyempiga hadi akafa alikuwa mkuu wa kituo, Shawki Derbala. Chini kabisa, Nagi alikuwa ameandika kwamba malalamiko hayo anamwonyesha kwanza Bwana Shawki mwenyewe, kwa heshima ya kaka yake, ili ajisalimishe kabla hayajafika kwa mwendesha mashtaka. Tarehe ilikuwa Jumanne. Jumanne ile ile, alasiri, Nagi alikutwa ukingoni mwa mfereji na risasi mbili kifuani.

Rifaat alijiuliza jambo moja tu, tena kwa akili ya kazi: kwa nini Derbala hakuichoma siku ile ile? Jibu lilimjia papo hapo. Hakuichoma kwa sababu hakuisoma. Nagi alimweleza kwa mdomo, akampa karatasi mkononi, na karatasi haikuwa na alama ya penseli. Akaisukumia droo. Na droo zake walizihamisha watu wa Rifaat, kutoka kituo hadi kituo, miaka kumi na sita, kwa uangalifu mkubwa.

Nyuma ya jengo la usalama kulikuwa na kibanda cha chai cha Bekhit, sajini mstaafu, aliyekuwa dereva wa Derbala enzi za kituo cha mferejini. Rifaat alikaa kwenye kiti cha kamba. Bekhit alimletea chai nyeusi iliyokolea sukari, akaona karatasi ile juu ya goti lake, akakaa naye bila kuambiwa.

"Jumanne ya Nagi," Rifaat alisema. "Nani alikuwa garini?"

Bekhit alifuta mikono kwenye kanzu yake, polepole. "Nimengoja uniulize, afande. Muda mrefu."

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa naendesha mimi. Mkubwa kakaa mbele, Nagi nyuma. Anamwita ami. Anasema, 'Ami Shawki, niteremshe darajani, nitatembea.' Mkubwa akaniambia simama. Wakateremka wote wawili. Aliporudi alikuwa peke yake. Akaniambia, 'Bekhit, umemwona Dahi mwizi wa ng'ombe anakimbilia kwenye miwa, sivyo?' Nikasema nimemwona."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie, halafu? Ungeandika nini?" Bekhit alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na sare. "Ungeniandikia kama ulivyomwandikia Dahi. Usinikasirikie. Nilikuwa na watoto wanne."

Rifaat hakumkasirikia. Hasira yake yote ilikuwa ya mtu mmoja, haikutaka kugawanywa.

Lazima niseme habari ya Dahi, maana bila yeye mtu atadhani Rifaat alikuwa malaika aliyedhulumiwa. Kwetu mtu akiuawa, wafiwa hawapokei rambirambi. Hakuna hema, hakuna viti, hakuna kahawa. Anayekuja kusema "Mungu akupeni subira" hurudishwa mlangoni. Hema husimama siku damu inapolipwa. Hajati Fakiha, mama yao Nagi na Rifaat, alikaa siku tatu mbele ya mlango uliofungwa. Siku ya nne Derbala alimchukua Rifaat hadi kwenye miwa, akamwambia, "Yumo humo Dahi, aliyemuua ndugu yako. Chukua damu yako kwa mkono wa serikali." Dahi akatoka. Alikuwa kijana mwembamba, mikono juu, akisema, "Nimeiba ng'ombe tu, afande. Ng'ombe tu." Rifaat akafyatua. Kisha akarudi ofisini, akakaa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba marehemu alianza yeye kurusha risasi, akaweka alama ya penseli, na Derbala akasaini.

Jioni hiyo hema la Nagi likasimama. Derbala alijipanga kwenye mstari wa wafiwa, bega kwa bega na Rifaat, akipokea mikono ya watu. Hajati Fakiha alimbusu bega. Tangu siku ile, kila mwezi, alimwokea mkate wa jua, ule unaoumushwa juani juu ya dari, mikate ishirini, na kumpelekea pamoja na samli. Kwa miaka kumi na sita mama alimlisha aliyemuua mwanawe, tena alimchagulia mikate iliyopanda vizuri.

Rifaat alipofika kwao Nagaa Sidra, mama alikuwa amekaa chini na karai la unga. Alimsomea karatasi yote. Hajati Fakiha alisikiliza, mikono imezama kwenye unga hadi viwiko.

"Huu ni mwezi wake," alisema hatimaye. "Huu unga ni wake."

"Ndiyo, mama."

Aliutoa mkono mmoja, akaukung'uta, akautoa wa pili. Kisha akalibeba karai lote, kikongwe wa miaka themanini na moja, akalimwagia bata uani. Aliporudi macho yalikuwa makavu.

"Bastola unayo?"

"Ninayo."

"Basi unakaa kwangu unafanya nini?"

Na kweli alikuwa ameshapanga kumpiga. Kila asubuhi saa mbili aliingia kwa Derbala na faili kwapani. Risasi mbili kifuani, kama za Nagi, na mambo yakaisha. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, akalinyoosha kama sare. Kilichomzuia hakikuwa huruma. Kilikuwa hotuba. Alijua neno kwa neno yatakayosomwa juu ya jeneza la Derbala, maana mwenyewe ndiye aliyewaandikia wakubwa wote wa mkoa hotuba za maziko. Shahidi wa wajibu. Bendera, tarumbeta, barabara ikaitwa jina lake. Watoto wa shule aliyofundisha Nagi wangepita kila siku chini ya kibao cha Derbala. Hapana. Rifaat hakutaka afe. Alimtaka akiwa hai, mbele za watu, kila mtu akijua, na yeye akijua kwamba wanajua.

"Na kuna jambo jingine, mama," alisema. "Nikidai damu ya Nagi, wenye damu ya Dahi wataniuliza: na ya kwetu?"

Hajati Fakiha alikaa chini tena, pale karai lilipokuwa. "Mama yake yu hai?"

"Yu hai. Sabra. Ng'ambo ya mfereji. Hakuna aliyemsimamishia hema."

"Basi tunadaiwa," alisema mama, kwa sauti ya kuchukia. "Mbwa yule ametutia na sisi kwenye deni."

Kesho yake Rifaat alivuka mfereji kwa miguu, bila sare. Sabra alikuwa darini akiwalisha njiwa, akashuka ngazi na bakuli la mahindi. Hakumkaribisha ndani. Hakumpa hata maji, na Rifaat hakutarajia. Alimweleza yote amesimama: miwa, mikono iliyoinuliwa, jina alilopewa, karatasi ya droo.

"Kwamba ni wewe nilijua," Sabra alisema. "Kijiji kizima kinajua. Mlisema ni kwa damu ya Nagi; kwa nini awe mwanangu, hilo ndilo sikulijua. Nilikuwa nakaa hapa najiuliza, ng'ombe gani huyo mwenye thamani hiyo?"

"Nataka nikuletee sanda yangu."

Kwetu muuaji anayetaka amani hutembea peku, kichwa wazi, na sanda yake mwenyewe mikononi, hadi kwa wenye damu. Wakiipokea, damu imekwisha. Wakikataa, sanda anayo tayari.

"Wajomba zake Dahi watakuwa na bunduki," Sabra alisema.

"Najua."

"Utasema kwa kipaza sauti? Haya yote uliyoniambia?"

"Mkoa mzima utasikia. Na yeye atakuwa amekaa mbele."

Sabra aliwatupia njiwa mahindi yaliyobaki. "Basi njoo. Nikikupokea au nikikukataa, nitajua nikikuona. Sikuahidi kitu."

Sasa, mtu anaweza kuuliza: Derbala ataletwaje? Hakuna haja ya kumleta. Kama kuna kitu alichokipenda kuliko nyama ya bata, ni karamu za suluhu. Alikuwa ameshasuluhisha koo arobaini na moja, yaani Rifaat alizisuluhisha kwa miezi ya kubembeleza, naye akaja siku ya mwisho kukaa kiti cha mbele, akapigwa picha akiigusa sanda. Picha hizo zilijaza ukuta mzima. Na katika siku zake za mwisho alitaka moja ya kuagia. Alilisema mwenyewe, huku anachokoa meno.

"Nitafutie suluhu nzuri, Rifaat. Ya machozi. Wale wa pwani wajue gavana wanayepata."

"Ipo moja, Pasha. Ya miaka kumi na sita. Kijana aliuawa kwenye miwa. Muuaji yuko tayari kubeba sanda."

"Miaka kumi na sita! Vichwa vigumu hawa. Televisheni ya mkoa watakuja?"

"Watakuja. Na mwendesha mashtaka nimemwandalia mwaliko, aandike kumbukumbu kisheria. Kwa jina lako."

"Hapo ndipo ninapokupendea."

Rifaat alimwekea karatasi mbili. Ya kwanza ni mwaliko. Ya pili ni kibali cha mkusanyiko, na ndani yake, kwa mashine, mstari wa tano, palikuwa pameandikwa wazi: Mbeba sanda, Brigedia Rifaat Abu Gabal. Hakuficha kitu. Hakuandika kwa herufi ndogo wala hakukunja ukurasa. Aliacha kila neno mahali pake, kisha chini akaweka alama ya penseli. Mkono ulikuwa na mazoea ya miaka ishirini na tatu.

Derbala aliiona alama. Akasaini. Akaiona ya pili, akasaini.

"Hajati hajambo?" aliuliza, akifunika kalamu. "Mwambie mkate wa mwezi huu sijauona. Asije akanisahau kwa sababu naondoka."

"Hajakusahau, Pasha," Rifaat alisema. "Anakutaja kila siku."

Alitoka, akaenda msikiti wa jirani, akaweka kichwa chini ya bomba la maji. Hakuna tusi alilowahi kulisikia polisi lililomfikia pale lilipomfikia neno lile la mkate.

Sanda aliinunua mwenyewe sokoni. Muuza vitambaa, mzee asiyemjua, aliuliza marehemu alikuwa wa kimo gani. "Kama changu," Rifaat alisema. Mzee alimpima kwa macho, akamkatia, akampunguzia bei kwa sababu ya msiba.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, katika uwanja wa shule ya Nagaa Sidra. Hema lilijaa. Upande mmoja walikaa Abu Gabal, upande wa pili watu wa Dahi, wajomba watatu mbele na bunduki zimelala mapajani. Sabra alikaa kwenye kiti chake peke yake, pembeni yao. Mstari wa mbele, kwenye viti vya mahameli, walikaa masheikh, mwendesha mashtaka kijana aliyevaa tai ya kijani, na katikati Derbala, nishani zote kifuani. Rifaat aliyaona hayo akiwa nyuma ya ukuta wa darasa, amevaa kanzu, peku, mchanga wa moto ukimchoma nyayo. Sare yake ilikuwa imekunjwa vizuri kwenye dawati.

Sheikh alishika kipaza sauti, akasoma dua, akasema: "Na aje mwenye sanda."

Rifaat akatokea. Ulikuwa mwendo wa hatua hamsini hivi. Watu wa nyuma walimtambua kwanza, na ukimya ukaanza kule nyuma na kuja mbele. Derbala, asiyeona mbali bila miwani, alikunja macho, akaona mtu mrefu mwenye kitambaa cheupe mikononi. Hakumtambua. Akafanya alilolifanya maisha yake yote: aligeuza kichwa nyuma ya kiti chake, kumuuliza Rifaat huyu ni nani.

Nyuma ya kiti hapakuwa na mtu.

Rifaat aliitazama shingo ile ikigeuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya pipa akahisi utamu. Nasema utamu kwa sababu ndivyo ulivyokuwa, na asiyewahi kulipiza kisasi asimlaumu.

Alipiga magoti mbele ya Sabra, sanda juu ya viganja. Sheikh alimsogezea kipaza sauti.

"Mimi Rifaat, mwana wa Fakiha. Nilimuua Dahi, mwana wa Sabra, akiwa ameinua mikono. Ripoti iliyosema alikuwa na bunduki niliiandika mimi, na ni ya uongo. Nilimuua kwa damu ya ndugu yangu Nagi, na damu ile haikuwa kwake. Aliyenitajia jina la Dahi ndiye aliyemuua Nagi. Amekaa kiti cha katikati. Alisimama kwenye hema letu akapokea rambirambi, na mama yangu amemlisha mkate wake kwa miaka kumi na sita. Malalamiko ya Nagi ninayo kifuani, kwa mwandiko wake. Bekhit aliyekuwa dereva yuko pale, kavaa kilemba cheupe, na atasema. Rambirambi zile nazirudisha. Hema letu halijasimama bado."

Derbala alisimama. "Zima hicho kidude. Zima. Nani ametoa kibali cha upuuzi huu?"

Kapteni wa ulinzi, ambaye kibali alikuwa nacho mfukoni kama inavyotakiwa, alikikunjua, akakitazama. "Ni saini yako, Pasha."

"Ya kwangu?"

"Jina la mbeba sanda limo. Mstari wa tano."

Derbala aliichukua karatasi. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Miwani ilikuwa mfukoni, lakini kamera za televisheni zilikuwa zinamtazama, na hata saa ile, Mungu wangu, aliona haya kuivaa. Akasimama hivyo na karatasi mkononi mbele ya watu elfu mbili, asiweze kuisoma.

Mjomba mmoja wa Dahi alikuwa amenyanyua bunduki. Sabra aliinuka, akampita bila kumtazama, akasimama juu ya Rifaat. Rifaat aliinamisha shingo. Alisikia pumzi yake, ikinuka mahindi na vumbi la njiwa, na akafikiri kwamba akikataa, basi, alichokitaka kimeshasemwa.

Sanda ikaondoka viganjani mwake.

"Ya huyu nimeipokea," Sabra alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. Kisha akamgeukia Derbala, kitambaa kimelala mkononi mwake. "Na ya huyu iko wapi?"

Derbala aliwatazama masheikh, masheikh walitazama mikeka. Aliyekaa kulia kwake alikuwa amesogeza kiti. Mwendesha mashtaka mwenye tai ya kijani aliinuka, akaja kwa Rifaat, akanyoosha mkono kupokea malalamiko ya Nagi, kwa adabu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Mengine yalikwenda upesi, maana hakuna serikali inayompenda mtu aliyeaibika mbele ya kamera. Barua ya pwani ilibatilishwa kabla ya Ijumaa. Jumamosi walikamatwa wote wawili, Derbala kwa damu ya Nagi na ya mkulima wa kituoni, Rifaat kwa damu ya Dahi. Sabra alikuwa amesamehe, lakini sheria haipokei sanda, na Rifaat alilijua hilo tangu siku alipovuka mfereji. Huku nyuma Hajati Fakiha alioka mikate ishirini, akampa Bekhit aivushe mfereji. Sabra aliipokea. Siku hiyo hiyo, upande ule wa maji, wajomba wa Dahi walisimamisha hema.

Derbala na Rifaat walikalishwa kwenye ukumbi wa ofisi ya mashtaka, benchi mbili zinazotazamana, pingu mkononi. Derbala alikuwa amevaa shati la kawaida. Hakuna nishani, na bila nishani kifua chake kilikuwa kimepungua. Hakumtazama Rifaat hata mara moja.

Karani alimletea Derbala maelezo yake aliyoyatoa asubuhi, kurasa kumi na moja, na kalamu. "Soma, kisha saini."

Derbala alichukua kalamu. Akafungua ukurasa wa kwanza, macho yakashuka moja kwa moja chini. Akafungua wa pili, akashuka chini. Wa tatu. Alikwenda hivyo hadi wa mwisho, akarudi, akaupindua upande wa pili, na Rifaat akaelewa alikuwa anatafuta nini. Derbala naye akaelewa kwamba ameonekana. Aliinua uso. Haukuwa uso wa chuki. Ulikuwa uso wa mtu aliyepotea sokoni, na miaka ishirini na tatu ikamtoka mdomoni kabla hajaizuia.

"Rifaat," alisema kwa sauti ya chini. "Nitie wapi?"

Rifaat aliutazama mfuko wa shati la Derbala.

"Sijaweka alama, Pasha," alisema. "Vaa miwani yako usome. Karatasi ya Nagi lazima wameinukuu humo, yote. Anza na hiyo."

Karani alikuwa amesimama, akingoja. Derbala aliweka kalamu kwenye benchi, akatia mkono mfukoni, na mbele ya karani, ya askari wawili na ya naibu wake, akavaa miwani.